UCHAMBUZI: Wenye magari ya kasi wanavyonunua hatari kwa jina la urembo

MASHINDANO ya Safari Rally yanapokaribia kila mwaka, barabara inayoteremka kutoka Nairobi kuelekea Naivasha hugeuka kuwa uwanja wa maonyesho ya magari. Misafara ya Subaru, Mitsubishi na Toyota hupita kwa vishindo, injini zikinguruma, na kitu cha kwanza kinachonasa jicho la mtazamaji ni magurudumu: rimu pana zinazometameta, nyingine za rangi ya dhahabu, zikiwa zimevishwa matairi membamba mithili ya utepe.

Ni pambo la kupendeza, na mwandishi wa makala haya hana chuki nalo. Hata hivyo, wakati huu ambapo vijana wengi wenye mishahara wanaagiza magari ya kasi kutoka Japani, yafaa kuuliza iwapo wanaozinunua rimu hizo za aloi wanajua wanachokinunua.

Kwa ninayoyaona katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, wengi hawajui. Wanachagua kwa macho kitu ambacho kinastahili kuchaguliwa kwa vipimo. Muuzaji naye, ambaye ndiye angepaswa kuwaelekeza, aghalabu huuliza maswali mawili tu: ni gari gani, na una pesa ngapi?

Rangi hiyo ya dhahabu ina historia yake. Mskochi Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1995 akiendesha Subaru Impreza ya buluu yenye magurudumu ya dhahabu. Mwaka wa 1997 alikuja hapa Kenya na kushinda Safari Rally kwa Impreza, naye Mwingereza Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakifunikwa na vumbi la magari hayo ndio watu wazima wa leo wanaotafuta gari la aina hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo na magurudumu yanayofanana na yale.

Lakini kuna jambo ambalo macho ya utotoni hayakuligundua. Katika mashindano ya njia za mawe na changarawe, magari ya dunia hutumia rimu za inchi 15, zilizovishwa matairi yenye ubavu mnene. Rimu za inchi 18 huwekwa kwa ajili ya mashindano ya lami huko Ulaya. Tangu Safari iliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kuondolewa mwaka wa 2002, magari ya kiwango cha juu yamekimbia Naivasha kwa magurudumu hayo madogo ya inchi 15. Shabiki aliyekuja kuyatazama amefunga inchi 18 au 19.

Kwa nini wataalamu wenye mabilioni ya pesa wachague rimu ndogo? Jibu limo katika hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Chukua mfano wa Impreza WRX ya mapema miaka ya 2000, iliyovishwa tairi la 205/55 kwenye rimu ya inchi 16. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Ukipiga hesabu utapata kwamba kati ya ukingo wa rimu na barabara kuna takriban milimita 113 za mpira na hewa.

Mwenye gari akipandisha hadi inchi 18 na kuvisha tairi la 225/40, kimo cha gurudumu zima huongezeka kwa chini ya asilimia moja, hivyo kipimamwendo hakitamdanganya sana. Hapo ndipo wengi huridhika, wakidhani kwamba hakuna kilichobadilika. Ubavu wa tairi, hata hivyo, umebaki milimita 90. Akienda hadi inchi 19 na tairi la 225/35, umebaki milimita 79 hivi.

Milimita 34 alizozipoteza ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo ya barabarani. Sasa shimo linapogongwa, tairi hubinywa hadi mwisho, na chuma hukutana na ukingo wa lami. Rimu hupinda, hupata ufa, au tairi lenyewe huvimba ubavuni kwa kuwa nyuzi zake za ndani zimekatika.

Ni kweli kwamba ubavu mfupi una manufaa yake. Usukani hujibu haraka na gari hukata kona bila kuyumba. Kwenye lami laini ya Nairobi Expressway dereva atahisi tofauti hiyo na kuifurahia. Lakini sheria yetu hairuhusu gari dogo kuzidi kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu, na kona za kupimia wepesi huo ni chache mno ukilinganisha na matuta na mashimo anayokumbana nayo dereva huyo huyo punde tu anapoteremka kutoka barabara hiyo.

Kwa maoni yangu, inchi 17 ndicho kikomo cha busara kwa gari la kasi linaloendeshwa kila siku humu nchini. Si kwamba kila anayepunguza atakuwa salama pia. Zile WRX STI zenye breki kubwa za Brembo hazikubali rimu iliyo chini ya inchi 17, maana rimu hugusa kifaa cha breki hata kabla ya nati kukazwa. Na hata kati ya rimu za inchi 17, umbo la spoki laweza kuzuia. Njia ya hakika ni kuivisha rimu tupu kabla ya tairi, kuizungusha kwa mkono, na kutazama nafasi iliyobaki.

Ukubwa ni jambo la kwanza tu. Rimu ina vipimo vingine ambavyo havionekani kwa macho, na hapa ndipo ajali nyingi zinapoanza kutayarishwa dukani.

Kipimo kimojawapo ni duara linalopita katikati ya matundu ya bolti, ambalo mafundi hulijua kwa herufi PCD. WRX za miaka ya 2000 zina bolti tano katika duara la milimita 100. STI ilihamia duara la milimita 114.3 kuanzia modeli ya 2005, na WRX ya kawaida ikafuata katika toleo la 2015. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane, WRX zinazoshuka bandarini Mombasa leo ni za duara kubwa, ilhali rimu nyingi kuukuu zilizorundikwa madukani ni za duara dogo. Muuzaji anayesema “hizi ni za Subaru” hajasema lolote.

Tofauti kubwa kama hiyo angalau hujidhihirisha, kwa sababu rimu hukataa kuingia. Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Rimu ya duara la milimita 112 huweza kulazimishwa kwenye bolti za 114.3. Nati zitaingia kwa pembe, zitaonekana zimekaza, na gari litaondoka. Bolti zilizovutwa upande mmoja huchoka kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka, na siku zikikatika hazitoi onyo.

Nati nazo zina siri zake. Hesi za bolti za Subaru zina hatua ya milimita 1.25, ilhali za Toyota nyingi na Mitsubishi ni milimita 1.5. Isitoshe, rimu nyingi za asili za Toyota hukazwa kwa nati yenye kikalio bapa, nazo rimu za kununua dukani huhitaji nati yenye ncha ya mchongoko. Anayehamisha nati za zamani kwenye rimu mpya bila kulitazama hilo ameifunga rimu kwa ukingo mwembamba wa chuma tu.

Kisha kuna tundu la katikati, linaloketi juu ya kitovu cha gari. La Subaru ni milimita 56.1. Watengenezaji wa rimu za kuuziwa kila mtu hutoboa tundu kubwa, mara nyingi milimita 73 hivi, ili rimu moja ifae magari mengi. Pengo linalobaki lazima lizibwe kwa pete maalumu. Pete hiyo isipokuwepo, gari huanza kutetemeka likifika kilomita 80 au 100 kwa saa. Mwenye gari hurudi kusawazisha magurudumu mara tatu, mara nne, akilipa kila mara, na tatizo halikuwa kwenye mizani hata kidogo.

Kipimo kinachovuruga gari zaidi, hata hivyo, ni kile kinachoandikwa kwa herufi ET. Ni umbali wa milimita kutoka mstari wa katikati ya rimu hadi uso unaogusana na kitovu. Rimu za asili za WRX ya miaka hiyo, zenye upana wa inchi 7, zilikuwa na ET 55. Vijana wetu hupenda rimu ya inchi 8 yenye ET 35 kwa sababu hutokeza nje na kulipa gari sura ya kibabe.

Tuhesabu tena. Kubadilisha ET peke yake husukuma gurudumu milimita 20 nje. Upana ulioongezwa huleta milimita 13 nyingine. Ukingo wa nje wa rimu basi umetoka kwa takriban milimita 33. Tairi sasa husugua madigadi kila gari linapobeba abiria nyuma. Uzito wa gari hauketi tena pale mhandisi alipokusudia, hivyo beringi huisha mapema. Usukani nao huvutwa upande kila gurudumu moja linapokanyaga shimo au linapofunga breki kwenye mchanga. Gari lililosifiwa duniani kwa kushika barabara limepokonywa sifa hiyo na mwenyewe, kwa pesa zake.

Tuseme sasa mnunuzi amevizingatia vipimo vyote. Bado hajajua kama chuma chenyewe ni chuma cha kuaminika.

Rimu za aloi huundwa kwa njia kuu mbili. Nyingi ni za kusubu, yaani alumini iliyoyeyushwa pamoja na silikoni na magnesi kidogo humiminwa katika kalibu. Nyingine ni za kufua: bonge la alumini hugandamizwa kwa mashine yenye nguvu kubwa hadi likapata umbo. Ya kufua huwa imara zaidi kwa uzito ule ule, na bei yake huwa kali.

Miongoni mwa za kufua, mashuhuri ni TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani, iliyotoka mwaka wa 1996. Jina lake lilitokana na uzani wa kilo 3.7 wa rimu ya inchi 15. Umbo lake la spoki sita nyembamba limeigwa kote duniani, na nakala zake zimejaa humu nchini. Aghalabu nakala hizo ni za kusubu. Spoki nyembamba zilitoshea kwa sababu chuma kilifuliwa. Anayeiga umbo hilo kwa kusubu ana njia mbili tu, kuinenepesha rimu hadi iwe nzito, au kuiacha nyembamba na dhaifu. Mnunuzi mwenye mizani ya dukani anaweza kuitambua ile ya kwanza. Ya pili hutambulikana barabarani.

Zipo alama za kumsaidia. Rimu zinazotimiza kiwango cha Japani hupigwa muhuri wa JWL. Kiwango hicho kinadai majaribio matatu: rimu hupindwa huku ikizunguka kuiga mzigo wa kona, huzungushwa kwa muda mrefu chini ya uzito, kisha huangushiwa chuma kizito kuiga mgongano. Lakini muhuri wa JWL ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Ukiandamana na VIA, maana yake ni kwamba rimu imesajiliwa baada ya kupimwa na chombo huru. Upande wa nyuma wa rimu lazima pia kuwe na uzito wa juu inaoweza kubeba. Ekseli ikibeba kilo 1,000, kila rimu haiwezi kuwa chini ya kilo 500, na ni vyema izidi.

Muhuri, bila shaka, waweza kughushiwa. Ndiyo maana huwezi kumwachia mnunuzi mzigo huu wote.

Nchini Ujerumani, rimu isiyotoka na gari haiwezi kutumika barabarani bila cheti kinachotaja aina ya gari inayoruhusiwa kufungwa, na mara nyingi lazima mkaguzi aione ikiwa imefungwa. Huku kwetu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilianzisha mwaka wa 2005 mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Tuna sheria ya mwaka wa 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi, na taasisi ya kuitekeleza. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA). Asasi hizo zote zipo. Lakini rimu ya mitumba iliyokuja ndani ya kontena pamoja na vipuri mchanganyiko, ikapakwa rangi na kutundikwa dukani, inapita kati ya vidole vyao vyote.

Magari ya uchukuzi wa umma angalau hukaguliwa kila mwaka. Gari la kibinafsi aghalabu hukaguliwa linapoingia nchini, likiwa bado limevaa rimu zake za asili. Wiki mbili baadaye huwa limebadilishwa, na hakuna afisa anayelitazama tena kwa jicho hilo hadi siku ya ajali.

Kampuni za bima ndizo zenye meno hapa, ingawa kwa namna ya kuuma. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu kamili, na mwenye gari anatakiwa kutangaza mabadiliko makubwa aliyoyafanya. Wachache hufanya hivyo. Wengine hugundua umuhimu wake wakati ambapo fomu ya kudai fidia tayari iko mezani.

Suala la ukarabati ndilo linalonisumbua zaidi. Rimu ya kusubu hupata nguvu zake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Fundi wa jua kali anapoipasha moto wa gesi ili ainyooshe kwa nyundo, anaufuta utaratibu huo. Tena chuma cha kawaida humwonyesha fundi kiwango cha joto kwa kubadilika kuwa chekundu. Alumini haina hisani hiyo. Hubaki na rangi yake hadi inakaribia kuyeyuka, na fundi hana habari kwamba ameiua. Kupiga welding juu ya ufa ni hatari zaidi, kwa kuwa sehemu zinazoupakana mshono hubaki laini kuliko rimu nyingine yote.

Jirani yangu, mwenye Impreza ya buluu, alinunua seti ya rimu za inchi 18 mwaka jana. Miezi minne haikuisha kabla ya kugonga shimo usiku wa mvua. Mbili zilipata ufa upande wa ndani, pale ambapo mtu hauoni mpaka aitoe rimu. Fundi aliziunga kwa siku moja na kutoza bei ya kuridhisha. Baada ya muda mfupi matairi yakaanza kupoteza hewa tena, na walipozitoa, ufa mpya ulikuwa umefuata ukingo wa mshono kama unaosoma ramani.

Bahati yake ni kwamba zile za inchi 17 zilizokuja na gari kutoka Japani hakuwa ameziuza. Alizirudisha, akakaza nati kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na baada ya kilomita 100 akazikaza tena kama inavyopasa kila magurudumu yanapobadilishwa. Gari limetulia.

Seti ile ya inchi 18 aliipaka rangi upya na kuiuza, zote nne, mwezi uliofuata. Nilipomuuliza kama alimweleza mnunuzi habari za nyufa, alinijibu kwamba mnunuzi hakuuliza.